Breki za Saa Moja

Mguu wangu hauna kasoro. Nalisema hili mwanzo kwa sababu mwezi mzima mwanangu Humoud alikuwa akiniambia kinyume chake, kwa sauti ile wanayosemeshwa wagonjwa, na hakuna kinachonipandisha hasira kama kusemeshwa hivyo na mtu niliyemfuta kamasi.

Mimi ni Asila, mzaliwa wa Unguja, mkazi wa mtaa wa Al Warqa, huku Uarabuni, tangu hapajaota mti. Nina gari la umeme, na kila siku ya shule mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka mjukuu wangu Afra na kumchukua. Asubuhi moja, baba yake, Humoud, keshakwenda kazini, nilikanyaga breki na pedali ikazama kama kidole kwenye unga uliokandwa. Gari lilisimama, lakini karibu mno na basi la mbele. Bahati Afra alikuwa amesinzia. Kesho yake ikawa vile vile. Jioni nikamwambia Humoud, bado nimejaa hofu: "Breki zinazama. Kila siku saa moja!"

Akalipeleka karakana kubwa. Wakachomeka kompyuta, wakalizungusha barabarani, wakasema gari ni zima. Akalirudisha mara ya pili, jibu likawa lile lile. Ndipo alipolitazama goti langu, lile nililofanyiwa operesheni, akachukua funguo taratibu.

"Mama, pumzika. Nitakutafutia dereva."

Hakuwa na ubaya, maskini, alikuwa akiogopa. Lakini Afra akaanza kupanda basi la shule, nami nikawa nakaa sebuleni nikilikanyaga zulia kwa mguu wa kulia, nijue kama kweli umekwisha nguvu. Ukiambiwa kila siku na unayempenda kuwa umechoka, utachoka tu.

Jecinta, Mkenya anayefanya kazi kwa jirani yangu, ndiye aliyenitoa huko. Alisema kuna fundi Mkenya mwenzake, Gerishom, kwenye karakana za Ras Al Khor, anayezijua gari hizi. Humoud alikubali kwa sharti moja: huyu naye asipoona kitu, gari linauzwa.

Tukaenda alasiri. Humoud alimweleza Gerishom kwa Kiingereza, fundi akalichukua gari, akazunguka nalo, akarudi akifuta mikono.

"Sir, no problem. Brake is good."

Nikaona gari langu linakwenda, na mimi nageuzwa mzigo wa kubebwa na kushushwa. Kiswahili chote kikanitoka.

"Lakini mbona mnalijaribu jua likishapinda? Nimesema saa moja! Saa moja! Nisemeje tena?"

Gerishom akasimama. "Mama, kumbe wewe ni wa kwetu? Hiyo ni saa moja ya asubuhi?"

"Kwani mtoto hupelekwa shule saa moja ya usiku?"

Akacheka, akamgeukia mwanangu. "Sir, umeniambia one o'clock. Saa moja ya mama si wahda. Ni sab'a, ya asubuhi." Maana wahda ya Waarabu ni saa saba yetu ya mchana, na sab'a yao ndiyo saa moja yetu.

Humoud alinitazama kana kwamba nimemficha jambo. Sikumficha. Wanangu wamekulia Kiarabu. Kiswahili wanakisikia vizuri, lakini saa siku zote niliwatajia kwa Kiarabu. Nikipandwa na hofu au hasira tu, ndipo saa hunitoka kwa lugha ya mama yangu. Yeye alidhani ni ile safari ya mchana, ya kumchukua Afra.

"Unalichaji usiku, mama?" Gerishom aliuliza.

"Usiku kucha."

"Basi. Hii gari ukitoa mguu kwa accelerator, motor inaizuia, na huo umeme unarudi kwa betri. Asubuhi betri imejaa, haina pa kuuweka, so unabaki na brake ya mguu peke yake. Na kama kuna hewa kwa mafuta ya brake, gari ikilala, ukikanyaga mara ya kwanza inazama. Ukishakanyaga mara kadhaa inakazana. Mchana hata mimi imenidanganya."

Tukaliacha pale, kwenye chaji. Asubuhi yake, saa moja, saa moja yangu, nilikaa kwenye usukani nikakanyaga. Pedali ikazama. Gerishom akakanyaga baada ya kuiacha itulie, ikazama kwake pia.

"Mguu wa mama uko fiti, sir. Ni upepo."

Akaingia chini ya gari na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa. Mimi ndiye niliyekanyaga, sikukubali mwingine. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Gurudumu baada ya gurudumu, mapovu yakitoka, akiongeza mafuta mapya, kisha akachomeka kompyuta kutoa hewa iliyobaki ndani. Mwisho pedali ikagoma juu, ngumu, mpaka nikacheka peke yangu.

"Khalas, mama. Endesha."

Humoud akanipa funguo, akapanda kando yangu na kugeukia dirishani. Nilidhani amenuna kwa kushindwa. Tulikuwa tunakaribia nyumbani aliposema, macho yake yakiwa barabarani:

"Mama. Siku ile ya baba, uliponipigia simu kutoka hospitali. Uliniambia nije saa ngapi?"

Baba yake alikuwa akimwita jina asubuhi ile, akimwita na kumwita, na akakata roho kabla ya adhuhuri. Humoud aliingia alasiri, na mfuko wa zabibu mkononi, akitabasamu. Sikuwahi kumuuliza alikuwa wapi. Niliona amechagua kazi yake, nikalifungia jambo lile kifuani, na miaka imepita likiwa mle mle.

"Nilikwambia saa nne," nikasema.

"Nilikuja saa nne, mama, ile ya Waarabu, ya alasiri. Nilifika kabla haijatimia."

Nikakanyaga breki, nikaliegesha gari pembeni. Nikamshika uso kwa mikono miwili, nikamwambia kwa Kiarabu, asije akanisikia vingine tena: hukuchelewa, mwanangu. Hukuchelewa.