Programu Mbili za Jina Moja

Shangazi alipopiga simu akilalamika kwamba mdarizi wake ameharibu makoti yote ya wauguzi, Binti Kompyuta, kama walivyozoea kumwita nyumbani, moyo ulimlipuka. Kila jina lililodariziwa kifuani lilikuwa limekatwa herufi ya mwisho. Mtu akikosea hukosea hapa na pale, si kila koti mahali pale pale.

Yeye ndiye aliyemwandikia shangazi ile programu ndogo: andika jina, bonyeza, mashine idarizi. Ndani yake aliiagiza kompyuta itafute programu nyingine, ile ya kugeuza maandishi kuwa mishono; ipite folda moja baada ya nyingine, na ikikutana na jina hilo iichukue bila kuuliza. Kwake ilikuwepo moja tu. Kwenye kompyuta ya shangazi, alipofika kuangalia, alikuta mbili, na ile kuukuu, iliyokuwa ikikata herufi ya mwisho, ilikuwa kwenye folda ya mbele. Uvivu tu ndio uliomfanya asiongeze mstari wa kuhakikisha kwamba iliyopatikana ndiyo yenyewe.

Akarekebisha chapuchapu huku shangazi akimimina chai.

"Yule mdarizi nimemwambia aende zake," shangazi alisema. "Macho hana tena. Ingekuwa si wewe, mwanangu, ningefunga duka."

Akanywa chai bila kukiri kwamba kosa lilikuwa lake. Kule kunyamaza ndiko kulikomtafuna siku zilizofuata, kuliko hata makoti yenyewe.

Mwishowe akaenda kwa mdarizi. Alimkuta uani akishona vifungo kwa mkono, akamwaga yote.

"Nilijua si mimi," mdarizi alisema bila kuinua macho. "Nilimwambia shangazi yako kwamba kila jina nililiandika kamili. Akaniona natafuta mchawi."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini aliyenifukuza ni yeye. Kamwambie, tena mbele ya mafundi wenzangu, maana mbele yao ndipo nilipotukanwa."

Akaenda dukani. Cherehani zilinyamaza moja moja alipokuwa akisema. Uso ulimshuka shangazi. Akavaa viatu.

"Nipeleke kwake."

Mdarizi aliwasikiliza wote wawili, akakubali kurudi kazini, ila mwezi ukiisha. Kwanza alitaka kupumzika. Njia nzima ya kurudi shangazi hakumsemesha mpwa wake, naye hakuthubutu kuanza.