Wali wa Wifi na Wali Wangu

Karamu ile ya kuonja niliipanga mimi mwenyewe, kwa hiyo nisianze kulaumu watu mapema. Lakini chanzo chake ni Thioro, dada wa mume wangu, na hilo nitalisema mpaka naingia kaburini.

Fundi cherehani aliyepanga chumba chetu cha mbele, kile kinachotazama barabara, alihama. Siku hiyo hiyo nikamwambia mume wangu, Massamba, "Nipe mimi. Nitawapikia wafanyakazi wa kiwandani chakula cha mchana." Miaka tisa nimewapikia watu kumi na wanne wa nyumba hii bila hata kuulizwa kama nimechoka. Akakubali. Sijapata hata kufagia, Thioro huyo kaja na marobota ya vitenge. Chumba anakitaka yeye, afungue duka. Massamba, ambaye mbele ya dada yake hugeuka uji, akaanza kukohoa.

"Wifi yangu," Thioro akaniambia kwa upole wake ule wa kuudhi, "wali wako unalika, siukatai. Lakini mtu atoe pesa mfukoni aununue? Hata mimi nisiyejisifu nakushinda."

Nikamjibu, "Basi tupike wote wawili, watu waonje."

Massamba akalidaka neno hilo, maana lilimwondolea kazi ya kuamua. Wangu ukisifiwa zaidi, chumba changu. La sivyo, cha Thioro.

Nilipanga jambo jepesi. Jumapili mchana, uani, mkeka, wanawake sita wa mtaani, tangawizi ya baridi, basi. Wali wa samaki, kila mmoja wetu kibaba kimoja cha mchele, na chewa wa soko moja. Ili wageni wasijue kipi cha nani, tungepakua katika sinia moja kubwa: nusu wake, nusu wangu, na mstari wa kabichi na mihogo katikati. Nilijiona nina akili kweli.

Siku ilipofika, Thioro ndiye aliyekaribisha wageni na kuwaonyesha pa kukaa, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Ningemzuiaje? Bi Rokhaya, mkunga mstaafu ambaye neno lake mtaani halipingwi, Thioro akamketisha upande wa wali wake mwenyewe, pamoja na rafiki zake yeye Thioro wawili. Majirani zangu watatu akawasukumia upande wangu. Hila yake niliiona. Nikasema moyoni, haidhuru, wote wataonja huku na huku.

Wataonja wapi? Mimi niliyezaliwa hapa hapa Rufisque, niliyechapwa vidole na nyanya yangu kwa kuvipeleka mbele ya mjomba, nilisahau vipi kwamba mtu mwenye adabu hula kilicho mbele yake tu? Mikono sita iliingia siniani na hakuna hata mmoja uliovuka mstari wa mboga. Kila mtu na kipande chake, utadhani shamba lenye hati. Nami nisingeweza kuwaambia vukeni, kwa sababu huko ni kuwafundisha watu wazima ulafi.

"Bi Rokhaya, unauonaje?" Thioro aliuliza hata mama wa watu hajameza.

"Mzuri, mashallah. Mikono iliyopika ibarikiwe."

Rafiki zake wakaitikia. Upande wangu nao wakasema wali wa kwao ni mzuri. Na mgeni gani amewahi kusema chakula kibaya akiwa bado kwenye mkeka wa mwenyeji?

"Tatu kwa tatu," Massamba alisema kutoka mlangoni, huku akifuta jasho. "Sasa, kwa kuwa dada ndiye mkubwa..."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Kushindwa ningekuvumilia. Kilichoniuma ni kuonewa katika karamu niliyoipanga mwenyewe, tena na mwanamume ninayemkunjia nguo. Niliinama, nikashika kingo za sinia kwa mikono miwili, nikalizungusha. Sinia halizungushwi watu wakila, hata mtoto anajua hilo. Jirani yangu Kiné alibaki na mkono hewani.

"Ndioba, umepatwa na wazimu?" Massamba akauliza.

"Ninao. Kila mtu aonje upande wa pili."

Bi Rokhaya alitazama kilichomfikia. Mbele yake bati lilikuwa jeupe, lina miiba ya samaki na kokwa mbili za ukwaju. Wale watatu wangu walikuwa wamekula mpaka ukoko. Na mbele ya Kiné wali wa Thioro ulikuwa bado umesimama, umechokolewachokolewa pembeni, samaki wake hata hajageuzwa.

"Nionje nini, mwanangu?" Bi Rokhaya aliniuliza. "Huku hamna kitu."

Thioro akabetua mdomo. "Watu wana njaa zao. Kwao hawapiki?"

"Tunapika," Kiné akasema. "Na njaa bado ninayo. Wali wako huu hapa mbele yangu, na mkono umekataa kwenda."

Mmoja wa rafiki zake Thioro alicheka, kisha akajifanya amepaliwa. Bi Rokhaya akaomba maji ya kunawa. "Massamba," alisema akijifuta vidole, "mimi nimeusifu kwa sababu ni mgeni. Sasa mpe mkeo chumba."

Massamba akatoa ufunguo mfukoni, na hata hapo alimtazama dada yake kwanza. Niliuchukua kabla hajamaliza kutazama, nikaenda kufagia.

Jioni alikuja kunichungulia mlangoni mwa chumba changu, akauliza leo tunakula nini.

"Wali wa dada yako," nikamwambia. "Umebaki mwingi."