Mche Kwenye Ulezi

Mzizi uligoma. Hinni alipiga magoti katikati ya ulezi wake, akachimba kwa kisu kibovu cha mumewe, akavuta kwa mikono miwili mpaka kiuno kikalia. Mche wenyewe haukufika hata gotini. Majani yake machanga yalikuwa mekundu, mazuri kupita kiasi, na Hinni aliyatukana jani kwa jani. Ndege hula matunda ya mdalasini huko msitu wa Kampuni ya wazungu wa mdalasini, halafu huja kunya kwenye mashamba ya watu. Na amri ya Kampuni inasema penye mdalasini hapalimwi, na anayeung'oa hukatwa mkono. Jumbe akiuona tu, shamba limekwenda, na watoto watatu watakula nini?

Mzizi ukakatika, nusu ukabaki chini. Hinni akafukia shimo, akautia mche motoni, chini ya chungu cha uji.

Jumbe Mendis aliingia shambani uji haujaiva, yuko kwenye ukaguzi wake, na askari wawili nyuma. Akasimama penye udongo mbichi.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Kiazi, Jumbe."

"Lete mikono."

Akaivuta hadi puani. Gome la mdalasini linanukia vile mnavyojua. Mzizi wake unanuka kafuri. Kijiji kizima cha Kosgoda kinalijua hilo.

"Kiazi chako kinanuka kafuri, dada. Makubwa haya!"

Askari wakacheka. Mmoja akampiga teke la mbavu, Hinni akaangukia ulezi wake.

Kelele zilimfikia Kaluwa, mumewe, kwenye banda la kuchunia magome. Akaja mbio. "Ni mimi! Nimeung'oa mimi, nikateni mimi!"

"Nyoosha mkono," Jumbe alisema.

Kaluwa akanyoosha wa kulia. Jumbe akaupapasa, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Huu unachuna robota kumi na moja kwa msimu. Huu si wako, Kaluwa, wa Kampuni huu. Nikiukata, nitakatwa mimi." Akamgeukia Hinni. "Wake unachuna nini?"

"Unalisha wanangu, Jumbe!" Kaluwa akamlilia.

"Basi atawalisha kwa wa kushoto."

Waliuweka mkono wa kulia wa Hinni juu ya kinu. Kaluwa aliruka, akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, akatema meno mawili. Panga lilikuwa butu, askari yule mshenzi hata kulinoa hakulinoa. Pigo la kwanza Hinni alipiga ukelele uliowatoa majirani nje. La pili likaukata. Kigutu wakakichovya kwenye majivu ya moto, na mkono wakaufunga kwenye jani la mgomba kwenda kuonyesha bomani kwa Kampuni.

"Wewe rudi bandani," Jumbe alimwambia Kaluwa. "Gome likikauka halichuniki."

Naye alirudi, damu inamtiririka kidevuni. Angefanyaje? Mchunaji asiyeonekana bandani hufungwa minyororo.

Mvua zikaja. Mdalasini ukikatwa haufi, mchunaji yeyote atakwambia: unakata shina moja, unapata matano. Matano yalitoka pale pale ulipobaki mzizi, mekundu. Jumbe alifurahi utadhani kapata mjukuu. Akang'olesha ulezi wote kuzunguka, akajengesha ua wa miti, na mvua zilipokatika akampa Hinni kazi ya kumwagilia asubuhi na jioni.

"Mdalasini ukinyauka, tutazungumza tena mimi na wewe."

Siku ya tatu ya kumwagilia, asubuhi, watoto walikuwa wanalilia uji na uji haukuwapo. Kwenye mafiga kilikuwepo chungu cha maji tu, yanachemka. Hinni alikishika kwa mkono wa kushoto, akakiinua nusu, kikamshinda, akakirudisha.

"Unakwenda wapi na maji ya moto?" Kaluwa aliuliza kutoka mlangoni.

"Kumwagilia."

"Hinni! Watakukata na huo uliobaki."

"Basi nibebee wewe," Hinni alisema. "Wako haukatwi."

Kaluwa aliutazama mkono wake wa kulia. Maji yalikuwa yameanza kufurika, yanazima moto.