Meno ya Kuazima

Miaka tisa Renae Haugen alishika mpira wa kunyonya mate katika kliniki ya meno ya Daktari Tollefson, na hakuna aliyemuuliza cheti. Kisha serikali ya jimbo, ambayo haikuwahi kufika mji ule hata kuziba shimo la barabara, ikazinduka ghafla na kuona kwamba wasaidizi wa madaktari wa meno ni hatari kwa umma. Kila mmoja awe na cheti kabla barafu ya ziwa haijayeyuka, la sivyo aache kazi. Daktari Tollefson alisikitika mno. Alisikitika hivyo hivyo huku akibandika tangazo la nafasi ya kazi mlangoni.

Mtihani wa kuandika Renae aliupita. Ukabaki wa vitendo: kung'arisha meno ya mtu hai, na mtu huyo mtahiniwa amlete mwenyewe, kama kila mtu anavyoleta sahani yake kwenye chakula cha pamoja kanisani. Tena awe na meno yenye madoa. Meno safi hayapokelewi.

Haya, nenda kamwambie jirani, "Dada, naona meno yako machafu, niazime Jumamosi." Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na Renae aliijua midomo yote ya mji ule. Lakini huko watu huona heri wazame ziwani kuliko kumkatalia mtu usoni. Wote walimjibu, "Wazo zuri sana!" Na wote, ajabu ya Mungu, Jumamosi hiyo hiyo walikuwa na msiba.

Akabaki Marlys, mama mkwe wake. Mumewe Renae, Leland, alikuwa ameshakimbilia Arizona na mwanamke muuza nyumba, lakini Marlys aliendelea kumwita Renae "mke wa Leland", kana kwamba jina lake mwenyewe lilikuwa limepotea kwenye mizigo. Marlys alikunywa kahawa toka alfajiri mpaka sala ya kulala. Meno yake yalikuwa na rangi ya kikombe chake kwa ndani.

"Mama, nahitaji mtu wa mtihani. Mwenye meno... yaliyotumika."

"Yaliyotumika vipi?"

"Yenye kahawa kidogo."

Marlys akaweka kikombe chini. "Mke wa Leland, umekuja kuniita mchafu jikoni kwangu?"

"Nimekuja kukwambia nitafukuzwa kazi, Mama."

Marlys alitazama theluji dirishani mpaka Renae akawa ameshaiaga kazi yake moyoni.

"Jumamosi saa ngapi?"

Njia nzima Marlys alifunga mdomo. Renae alidhani ni hasira. Walipofika kwenye chuo kilichofanyiwa mtihani, msimamizi wa mtihani, mama mmoja mwembamba, alimkalisha kwenye kiti, akachungulia juu, akachungulia chini.

"Haya meno yamesafishwa."

"Jana!" Marlys akasema kwa fahari. "Kwa daktari wa mji wa pili. Nije kuchunguliwa na wageni na mdomo mchafu? Mimi nina wazazi walionilea."

Ndiye Marlys huyo: akimlipa mtu aje kufagia nyumba, hufagia kwanza yeye, asije akasengenywa.

"Hapa hakuna cha kung'arisha," msimamizi akasema. "Kuna zamu ya mchana. Ukikosa mtu, tuonane mwakani."

Mwakani! Renae akakaa kwenye benchi la ukumbini akalia waziwazi, bila kujali nani anamwona.

"Nimeharibu?" Marlys akauliza.

"Umeharibu, Mama."

Hakuna aliyewahi kumwambia Marlys neno kama hilo. Alilimeza kama dawa chungu.

"Basi niambie yanachafuliwaje."

Renae akafuta machozi. Kila aliyeteremka kwenye kiti cha Tollefson alimpa maneno yale yale: jino lililotoka kusafishwa hushika rangi upesi, kwa hiyo leo usiguse kahawa nyeusi, wala bluberi, vile vitunda vya zambarau, wala bitiruti. "Usi..." akaanza. Wakatazamana.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mkahawa. Marlys, ambaye maisha yake yote alicheka nyuma ya kitambaa, aliagiza pai ya bluberi, akaagiza ya pili, akatafuna bitiruti, akasukutua kahawa nyeusi kama mtu mwenye koo bovu. Akaingia mwanamke wa kanisani kwao, mmoja wa wale wenye msiba.

"Marlys! Hujambo?"

Marlys akamtabasamia kwa meno yote, ya zambarau. Yule mama akakumbuka ana safari.

Mchana msimamizi alimtaka asukutue maji, kisha akachungulia tena.

"Haya madoa ni ya lini?"

"Ya siku nyingi," akajibu Marlys, mwalimu wa watoto wa kanisa. "Mimi ni mchafu sana. Muulize yeyote."

"Madoa ni madoa," msimamizi akasema, akiuma mdomo. "Anza."

Jino la kwanza Renae alilianza polepole, kisha mikono ikakumbuka kazi yake. Jino baada ya jino zambarau ikaondoka. Likabaki jambo la mwisho kwenye mtihani, kumpa mgonjwa maelekezo.

"Leo usinywe kahawa nyeusi," Renae akasema, uso umemkauka. "Wala usile bluberi, wala bitiruti."

Marlys akajitazama kwenye kioo, akajifuta pembe za mdomo.

"Mpumbavu gani atafanya hivyo, Renae?"

Msimamizi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika, kisha akagonga muhuri wa kufaulu. Renae hakuusikia. Alikuwa bado anasikia jina lake.