Mawingu Yaliyoanzia Chini

Fundi rangi mwenye akili zake huanzia juu akashuka, ili matone yasimharibie kazi ya chini. Baba Pacha alilijua hilo miaka ishirini. Sasa mtazame: amepiga magoti darasani, anabembeleza mawingu ya chini, na huko juu ukuta mtupu! Ngazi imelala sakafuni.

Tangu aanguke ngazini mwaka jana hajapanda hata stuli. Nyumbani alisema tu kazi zimeadimika. Hii ya kuchora mawingu alitafutiwa na mkewe, mwalimu wa jiografia wa shule hiyo, na asipoimaliza leo ataitwa fundi mwingine. Aibu iliyoje!

"Umeanzia chini," mkewe alisema mlangoni.

"Watoto huona ya chini kwanza, Mwalimu." Hata nyumbani alimwita hivyo.

"Acha porojo, Baba Pacha. Unaogopa ngazi."

"Naogopa, mke wangu. Naogopa sana."

Mkewe hakucheka. Alivua viatu, akaisimamisha ngazi, akaishika kwa mikono miwili. "Panda. Na unitajie wingu la kila kidato unachokanyaga, kama mwanafunzi."

Kidato cha kwanza. "Stratasi. Limetanda kama shuka."

"Kimo?"

"Chini ya mita elfu mbili."

Kidato cha nne. "Alto... altokumulasi! Vibonge vya katikati. Elfu mbili mpaka sita."

"Vizuri. Usitazame chini."

Kidato cha saba jasho lilimtoka, lakini ngazi haikutikisika hata kidogo. "Sirasi," alisema. "Juu kabisa. Barafu tupu."

"Basi lichore."

Akachovya brashi, akavuta nyuzi nyeupe, nyembamba, moja baada ya nyingine. Mkono ukatulia. Jamani, kumbe alikuwa na hamu ya kazi yake hivi! Alichora mpaka darini, akipiga mluzi.

Aliposhuka akashika kichwa. Rangi nyeupe ilikuwa imedondokea stratasi lake lote la kijivu.

"Ole wangu, nimeliharibu!"

"Usiliguse. Stratasi ndilo linalotoa manyunyu," mkewe alisema. "Liache linyeshe."

Ndipo alipomtazama vizuri. Matone yalikuwa yamemjaa mkewe kwenye nywele, mabegani, mpaka kwenye kope, na moja lilikuwa limekauka puani. Muda wote ule hakuwa ameiachia ngazi hata mkono mmoja ajifute.