Khanga Iliyogoma Kucheza

Kijiji kizima cha Zinga hakuna ajuaye kucheza ngoma kama mimi. Walionishinda wamekufa wote, ila Mwajabu, na huyo magoti yamemsusa siku hizi. Mkwewe Lulu anapalilia mihogo peke yake.

Kwa hiyo mjukuu wangu Sabiha alipotafuta bibi wa kumchezea, apate kumchora kwenye katuni yake, nilijifunga khanga mbili, nikacheza uani mpaka kuku wakahama. Sabiha akanichora kwa mkono, karatasi baada ya karatasi, mistari mitupu, Mungu anisamehe. Khanga aliiachia kompyuta. Hiyo hupiga hesabu ya uzito wa kitambaa na mwendo wa mwili, nguo ikajipepea yenyewe.

Akaiwasha. Yule bibi wa mistari akacheza. Khanga ikaning'inia kama imeanikwa siku isiyo na upepo.

"Kompyuta yako mbovu," nikasema.

"Hesabu ziko sawa, Bibi. Khanga inafuata kiuno." Akakohoa. "Na kiuno hakijaenda popote."

Mtoto hana adabu, nimemlea mwenyewe. Lakini machozi yalikuwa yanamlenga. Wenye kazi yao kule Dar walitaka kuiona mwisho wa mwezi. Wakiikataa, angerudi kukaanga vitumbua na mimi, na vitumbua anaviunguza.

Nikaenda Fukayosi kumwona dada yangu. Niliporudi, Sabiha alinipokea mlangoni kwa kunirukia. Wameipenda! Wamempa na nyingine!

"Umemchora nani?"

"Nimeapishwa, Bibi."

Tukaita majirani, tukafunga madirisha, tukatundika shuka jeupe ukutani. Khanga ile! Ilivimba, ikazunguka, ikachelewa kidogo nyuma ya kiuno, halafu ikakiwahi. Vigelegele vikapasua bati. Na kila akigeuka, yule bibi wa mistari aliuma pindo la khanga yake ya juu.

Nikamtazama Mwajabu, mguu kaunyoosha mkekani, fimbo ubavuni.

"Shoga, yule mbona namjua?"

"Mimi simjui," akasema. "Mimi na magoti haya, hata chooni nashikwa mkono."

Sabiha akairudisha mwanzo. Ngoma ikalia. Mabega ya Mwajabu yakaisikia kabla ya masikio yake. Akainuka bila fimbo, akalikamata pindo la khanga yake, akaliuma.

Lulu akafungua dirisha.

"Mama," akasema taratibu, "jembe lako nimelitia mpini mpya."