Kumutafutia Mama Louise Adui

Noella alikuwa anakunywa chai ya asubuhi wakati simu ililia "ting!" Alisoma tu mara moja, na chai ikabaki pale mpaka ikapoa. Ku ukurasa ya Mama Louise, mu ile ansiklopedia ya internet yenye kuandikwa na bantu ya kujitolea dunia muzima, balikuwa bamebandika onyo: ukurasa hii inaombewa kufutwa, ushuhuda haitoshi, mwenye kuwa na neno aseme mbele ya wiki kuisha. Mwenye kubandika alijiita Gomme. Gomme, sawa ile ya kufutia maandiko mu kayee ya masomo! Muntu amejipatia jina ya vile, unangojea huruma gani kwake?

Na si ukurasa ya muntu wa bure, jamani. Mama Louise, jirani ya Noella mu Kasenga, hapa Uvira, zamani alikuwaka arbitre, alipulizaka filimbi mu mechi za banaume mu bonde ya Ruzizi, mwanamuke peke yake katikati ya kiwanja. Lakini aliachaka kitambo, na wakati alijaribu kubasimulia vijana ya siku hizi, bakamucheka mu macho: "Bibi, filimbi gani? Ile ya casserole ikichemka?" Mama Louise akaacha hata kupita njia ya kiwanja. Sasa Noella, na kikundi yao ya kujitolea ya ile ansiklopedia, akamuandikia ukurasa, akaenda kubasomea bale vijana. Tangu ile siku banasimamisha mupira akipita: "Madame l'Arbitre! Ile goli ya Luc ilikuwa hors-jeu, aliotea, ao hapana?" Na yeye, na beseni ya ndagala, samaki ndogo za kuuzisha, ku kichwa, anasimama, anakata mambo, anaendelea na safari.

"Bakifuta, batanicheka tena," Mama Louise alisema wakati Noella alimupelekea habari. "Na safari hii batasema nilijiandikia minye mwenyewe."

"Haifutwi, Mama! Minye niko!"

Noella akatoka mbio, akatupa tangazo mu magrupu yote ya WhatsApp: mwenye kumujua Mama Louise, aingie mu mazungumuzo ya ile ukurasa aseme abaki. Na bakaingia, weh! Lakini si munajua bantu yetu? Nani alilelewa vibaya mpaka aingie mu kikao ya bengine bila kusema ni wa kwa nani?

Jean-Berchmans akaanza: "Salamu kwenu bote. Minye ni mutoto wa dada ya bwana yake Mama Louise. Ninaomba abaki."

Jolie akafuata: "Ni yeye alinibeba ku batizo."

Protais: "Shemeji. Abaki."

Kisha chorale ya kanisa muzima, sauti ya kwanza mpaka ya ine, kila muntu na undugu yake mbele.

Noella alikuwa anaruka-ruka ku kitanda. Halafu Gomme akajibu, na adabu yenye kukunyima hata nafasi ya kumutukana: asante sana kwa bote, naona tuko kwa jamaa. Je, kuna hata muntu moja asiye wa kwake mwenye aliandika juu yake?

Michée, mwenye kujua sheria zote mu kikundi, alikuja akishika kichwa. "Noella! Ulileta harusi nzima! Banataka muntu wa inje!"

"Wa inje wapi, mu Uvira hii? Na Thaddée wa ku radio? Si alitangazaka emisio juu yake?"

"Thaddée ndiye alisimamia mahari yake."

"Basi andika weye. Weye si jamaa."

Michée akaangalia chini. "Kwa upande ya mama... kidogo."

Basi Noella akarudi kwa Mama Louise, akakaa ku mukeka, akauliza pole pole, sawa vile docta anauliza mugonjwa mambo ya haya: "Mama, hakuna muntu mwenye kukuchukia?"

"Minye? Bantu bote bananipenda!"

"Fikiriako muzuri."

Mama Louise akafikiri. Uso ikabadilika, ikawaka kabisa. "Libérat!"

"Alikufanyia nini?"

"Hapana yeye. Minye. Nilimupulizia penalti mu finale. Alikuwa kapiteni ya Bwegera, akaenda kulia mpaka ku gazeti."

"Na ilikuwa penalti ya kweli?"

"Unaniuliza minye, Noella? Minye?"

Kesho yake Michée akawasha pikipiki, Noella nyuma, bakakula vumbi mpaka Bwegera. Bakamukuta Libérat anageuza mupunga ku jua, juu ya bâche ya plastiki. Muzee mupole! Akabapatia viti, muke wake Generose akaleta viazi vitamu vya moto. Lakini vile Noella alitaja "Louise" tu, viazi ikakaribia kurudi jikoni.

"Banataka kumufuta? Bamufute! Leo leo! Ile haikuwaka penalti!" Akakamata kiazi moja, akaiweka chini. "Mupira ni hii. Muguu yangu iko hapa. Weye kijana, simama pale, weye ni ile number nine yao. Kuja! Kuja! Umeona? Sikukugusa! Sasa anguka!"

Michée akaangalia suruali yake.

"Anguka tu, mwanangu," Generose akasema. "Hapa kila mugeni anaanguka. Hata padri aliangukaka."

Michée akaanguka. Noella akauma kitambaa asicheke. Kisha wazo ikamuingia, akasimama na uso ya huzuni.

"Sawa, Muzee. Twende, Michée. Basi Bwegera ilishindwa tu, na haki."

"Namna gani na haki?"

"Si hakukuwaka arbitre Louise. Anafutwa. Kama hakuwako, basi nani aliwaibia? Mulipigwa tu kama bantu bote."

"Alikuwako!" Libérat akapiga kelele mpaka kuku ikakimbia. "Alikuwako! Alituibia muchana! Gazeti ilisema!"

"Gazeti gani tena, Muzee?"

Aah! Kuingia mu nyumba, kutoka na sachet ya plastiki, mu sachet gazeti ya Bukavu imegeuka manjano sawa mafuta ya mawese. Ukurasa muzima! Jina ya Mama Louise, picha, viwanja, mechi alichezesha ule mwaka, mambo yote Gomme alikuwa anataka. Na juu yake matusi, kwamba yule mwanamuke iko na macho ya kuku jioni, haoni kitu.

Noella alikaribia kumukumbatia. "Muzee, na nyinyi hamuko jamaa na Mama Louise? Hata kidogo?"

"Mungu anikinge!"

Generose akakohoa. "Lakini mutoto ya mudogo wangu si aliolewa kwa—"

"Mama, tafazali!" Noella na Michée bakasema pamoja.

Lakini Noella hakuweza kutia ile maneno ku ukurasa bila mwenyewe kuisikia. Magharibi akamusomea Mama Louise, mustari kwa mustari, na sauti ikimushuka. Ku "macho ya kuku" ikazimika kabisa.

"Tunaweza kuacha, Mama. Ukurasa itafutwa, lakini hakuna muntu ataona hii."

Mama Louise akaendelea kuchagua ndagala za kesho. "Na watoto ya kiwanja?"

Noella akainama, akaanza kuchagua ndagala naye.

"Weka," Mama Louise akasema. "Weka na kuku. Jina yangu iko ndani, iko ndani."

Bakaweka na picha ya gazeti. Gomme akasoma, akaondoa onyo yake, akaandika: "Ibaki. Mwenye kuandika hivi hawezi kuwa jamaa." Noella alipiga kelele mpaka majirani bakauliza nani amezaa.

Kesho yake akaenda kubasomea vijana, Mama Louise pembeni yake, shingo wima. Ku "macho ya kuku" bakacheka, bakashikana mabega kwa kucheka. Noella akaacha kusoma.

Halafu Luc akapangusa macho. "Madame, na ile siku Bwegera bote balikufukuza?"

"Bote. Na kocha yao mbele."

"Ukakimbia?"

"Nikimbie wapi?" Mama Louise akasema. "Nilimuonyesha kocha kadi nyekundu."